Jenereta ya Ijumaa

Shafiki aliingia uani kabla ya magharibi, akavua viatu mlangoni kama kawaida, lakini hakuita "Haboba!" Wanubi wa Arua humwita bibi haboba, na mjukuu huyu alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti kile bila kulitamka jina hilo kwa sauti ya kuamsha kuku. Bibi yake, Kulusum, alikuwa mkekani akisuka kawa la kufunikia chakula, nyuzi nyekundu na za kijani zimemzunguka miguuni. Aliweka sindano chini.

"Koboko hawajambo?"

"Hawajambo, Haboba."

"Na wewe?"

Shafiki akatoa funguo mbili mfukoni, akaziangalia, akazirudisha. "Jumatatu nizipeleke hizi ofisini kwa Bwana Candia. Kama sina maelezo, nisirudi tena kazini."

Nabila, dada yake mdogo, alikuwa jikoni akigeuza gurusa, ile mikate myembamba ya kikaangoni. Alisikia kila neno. Yeye na kaka yake walifanya kazi katika zahanati moja yenye nyumba mbili. Nyumba kubwa ilikuwa hapa Arua, yenye maabara, na humo Nabila alitunza kompyuta. Nyumba ndogo ilikuwa Koboko, na humo Shafiki alikuwa karani.

Kazi ilikwenda hivi. Mgonjwa akitolewa damu Koboko, chupa inabandikwa namba na gari linaileta Arua alasiri. Lakini chupa peke yake haisemi kitu. Ombi la daktari, kwamba huyu ni nani na apimwe nini, linaandikwa na Shafiki kwenye kompyuta, nalo linasafiri kwa mtandao mpaka maabara. Chupa ikifika bila ombi lake, Prossy wa maabara huiweka kando mpaka kesho yake, kisha kanuni inamtaka aimwage. Chupa za Koboko zilikuwa zimeanza kufika bila maombi. Si zote, na si kila siku. Prossy alikuwa anazikalisha siku moja zaidi ya kanuni, kwa huruma tu, na hakumwambia mtu.

"Alikuambia mbele ya nani?" Kulusum aliuliza.

"Mbele ya benchi."

Benchi la Koboko ndilo wanalokalia wagonjwa wote. Asubuhi hiyo Candia, msimamizi wa zahanati, alikuwa amefika ghafla na kumkuta Mama Elena, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini anayeuza karanga za kusaga sokoni. Alikuwa ametolewa damu mara mbili apimwe figo, na mara mbili hakupata majibu.

"Bwana Candia akaniambia, 'Wewe, kuandika jina ya mutu tu inakushinda?' Watu wakacheka. Halafu kuna mmoja, yule fundi baiskeli, akasema labda damu inauzwa." Shafiki alisugua goti lake. "Hapo hawakucheka."

"Na huyo mama alisema nini?"

"Alisema, 'Muacheni. Huyu kila siku ananisogezea mahali pa kukaa.'"

"Mungu amlipe," alisema Kulusum, na akaliweka jina la Elena moyoni.

* * *

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake ya Ijumaa. Mwanamume aliyetoka msikitini huwasimulia wanawake khutba kabla mkono haujagusa chakula. Kulusum alikuwa amesikia khutba nyingi kwa njia hiyo, na husema kwamba ya kusimuliwa ni nzuri zaidi kwa sababu imeshachujwa.

"Haboba, leo nisamehe," Shafiki alisema maji ya kunawa yalipoletwa.

"Khutba haina ugomvi na Candia. Sema."

Basi akasema. Imamu alikuwa amezungumzia haki ya jirani, kwamba ukipika mchuzi uongeze maji ili na jirani aonje. Shafiki alianza kwa unyonge, lakini kadiri alivyoendelea sauti ilimrudia. Akaigiza hata pale imamu aliposhusha sauti akauliza, "Na jirani yako akinyamaza, umewahi kujiuliza anakula nini?"

Kulusum akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umesikia vizuri. Mimi nilipokaa Koboko kwa shangazi yenu, katika msikiti ule wa jirani na zahanati sikuambulia neno. Jenereta ya zahanati inanguruma ukutani kama fahali."

"Naizima, Haboba."

"Unaizima?"

"Tangu Ramadhani. Mzee Asuman, muadhini, sikio lake moja limekufa. Siku moja aliniambia, 'Mwanangu, mimi mwaka mzima khutba naiangalia tu, kwa midomo ya imamu.' Niliona aibu. Jenereta ni yetu, na ukuta ni mmoja. Sasa akimaliza adhana naizima. Tukitoka msikitini naiwasha."

Nabila alikuwa amekwishakata kipande cha gurusa. Hakukipeleka mdomoni.

"Kila Ijumaa, kaka?"

"Kila Ijumaa."

"Na kompyuta?"

"Inazimika nayo. Nikirudi inawaka yenyewe. Kwani kuna ubaya?"

"Hapana," alisema Nabila. "Kula, kaka."

Kulusum alimtazama. Aliujua uso ule. Alimsogezea Nabila bakuli la mlenda, kwa kuwa binti huyo alikuwa haoni tena bakuli liko wapi.

* * *

Asubuhi Shafiki alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Nabila aliiweka kompyuta yake juu ya meza, kompyuta ya zamani ambayo betri yake ilikufa zamani, ukichomoa waya inazimika papo hapo. Kulusum alikuja na kawa lake akakaa karibu, kwa maana mtu anayehangaika hafai kuachwa peke yake hata kama huielewi shida yake.

Programu iliyoendesha kazi ya Koboko, seva iliyoandikwa kwa lugha ya Java na yenye nakala yake hapa mezani, ilikuwa imejengwa kwa vipande, na kila kipande huitwa moduli. Unawasha zile unazozihitaji na kuziacha nyingine zimelala. Moja hufungua kurasa, moja huongea na hifadhidata, moja hubeba ujumbe. Hiyo ya kubeba ujumbe ingeweza kupewa mashine yake yenyewe, lakini Koboko walikuwa na kompyuta moja tu. Kwa hiyo Nabila aliipachika ndani ya seva ileile, iwake nayo na izimike nayo. Ndani yake kuna foleni. Mtandao wa Koboko ukiwa dhaifu, na mchana huwa dhaifu, maombi hukaa kwenye foleni yakisubiri kama wagonjwa kwenye benchi. Mtandao ukipata nguvu, yanaondoka moja moja.

Jioni hapakuwa na tatizo. Nabila mwenyewe alikuwa amemfundisha kaka yake kwamba akifunga kazi ya siku asizime chochote kabla alama ya kijani haijatokea, yenye maana kwamba foleni imekwisha. Lakini mapumziko ya Ijumaa hakuna aliyeyafikiria, maana Nabila alipoijenga kazi ile hayakuwepo.

Akalifungua faili la mipangilio, akashuka taratibu mpaka kwenye sehemu ya foleni. Mstari ulikuwepo. Ni mstari unaouliza neno moja tu: ujumbe unaosubiri uandikwe kwenye diski, au ukae kwenye kumbukumbu ya mashine tu? Alipokuwa akijaribu mambo kwenye meza hii, alichagua usiandikwe, ili kompyuta yake kuukuu iende haraka na kila asubuhi aanze na foleni safi. Siku ya kwenda kuifunga Koboko, alilibeba faili lilelile kama lilivyo.

Alikata mtandao. Akaandika maombi matatu ya kubuni, na kompyuta ikajibu kila mara: imetumwa, imetumwa, imetumwa. Kisha akachomoa waya.

"Umeiua?" Kulusum aliuliza.

"Nimeizima kama kaka anavyoizima."

Akaiwasha tena. Wakangoja. Foleni ilikuwa tupu kama sahani iliyooshwa.

Akaubadilisha mstari ule. Akaionyesha foleni folda ya kujiandikia kwenye diski, akarudia yote tangu mwanzo: maombi matatu, waya, giza, kuwasha. Safari hii majina yote matatu yalikuwa pale yakingoja.

Nabila aliweka mikono mapajani. "Haboba, kaka hakukosea. Aliandika kila jina. Ni mimi."

Kulusum aliendelea kuvuta uzi. "Linatengenezeka?"

"Nimeshalitengeneza. Naweza kuupeleka mstari huu Koboko kutoka hapa hapa, na hakuna atakayejua. Ijumaa ijayo kila chupa itakuwa na ombi lake."

"Na Shafiki?"

"Nitamwambia Bwana Candia ampe muda kidogo. Wataona mambo yamekuwa sawa. Watasema ameanza kuandika vizuri baada ya kukaripiwa."

Nje, shoka lilipiga kuni, likatulia. Kulusum aliipitisha sindano, akaikaza.

"Basi atakuwa mwizi aliyeacha," alisema.

Machozi yalimtoka Nabila bila kelele, na bibi yake akamwacha alie kidogo, kisha akamfutia kwa ncha ya mtandio.

"Wakinifukuza mimi, Haboba?"

"Tutakula mlenda bila nyama. Mlenda wangu hauhitaji nyama, ninyi ndio mnaojidai."

Nabila akacheka ndani ya machozi, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba.

Shafiki alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea mpini wa shoka.

"Kumbe ni jenereta yangu," alisema.

"Hapana, kaka. Ni mstari wangu."

"Ningeiacha iwake, wale watu wangepata majibu yao." Aliokota kuni moja, akaiweka juu ya nyingine vizuri, kama anayepanga vitabu. "Sitaizima tena."

"Na Mzee Asuman?"

"Ataangalia midomo."

Hilo ndilo lililomuuma Nabila kuliko yote.

* * *

Jumatatu walikwenda watatu ofisini kwa Candia. Mlinzi wa geti, alipomwona Kulusum anahema, alimletea kiti chake mwenyewe akakaa yeye juu ya tofali. Kulusum alimuuliza jina na habari za watoto. Hata hivyo hakukaa sana, maana alipoona mlango wa ofisi uko wazi alikisogeza kiti kile mpaka karibu na mlango.

Candia alikuwa mtu wa Aroi, vijijini karibu na Arua, mkulima kabla ya kuwa msimamizi, na mikono yake bado ilikuwa mipana mno kwa kalamu. Alimsikiliza Nabila bila kumkatiza. Funguo mbili za Koboko zilikuwa juu ya meza.

"Kitu kimoja sielewi," alisema. "Kompyuta iliandika 'imetumwa'. Niliona mwenyewe. Kwa hiyo ilidanganya?"

"Ilisema hivyo ombi lilipoingia kwenye foleni, si lilipofika Arua. Mimi ndiye niliyeifundisha kusema hivyo, bwana. Hilo nalo nimelibadilisha."

"Mimi nimewaambia wakubwa wetu wa Kampala kwamba binti wetu hapa hakosei."

Nabila alitazama sakafu.

"Kuanzia leo," Candia aliendelea, "ukigusa mipangilio yoyote, Faruk ataisoma kwanza. Neno la siri utampa na yeye." Faruk alikuwa kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye Nabila ndiye aliyekuwa akimfundisha. Lilikuwa jambo dogo, na lilikuwa zito. Alikubali.

Candia akazisukuma funguo kwa Shafiki kuvuka meza. "Rudi kazini."

Shafiki alizichukua. Alisema asante, akasimama. Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Bwana Candia, mwanangu, samahani. Lile neno lilisemwa mbele ya benchi."

"Mama, nitaandika tangazo, libandikwe ukutani Koboko."

"Wanaokalia benchi lile wengi hawasomi. Mimi mwenyewe nasoma kwa shida." Kulusum alisema kwa upole, kama anayeomba chumvi. "Ijumaa nitapika. Tutakwenda na gari la chupa, kama dereva atakubali."

Candia alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Nina mkutano Ijumaa," alisema. "Nitaangalia."

* * *

Dereva alikubali. Tena alimpa Kulusum kiti cha mbele, na sinia la gurusa likasafiri mapajani mwake kutoka Arua mpaka Koboko, limefunikwa kwa kawa jipya lenye nyuzi nyekundu na za kijani.

Benchi lilikuwa limejaa. Mama Elena alikuwepo, kwa sababu Ijumaa majirani zake sokoni hufunga kwenda kuswali, na yeye huona bora aje hospitali kuliko kuuza karanga kwa nzi. Fundi baiskeli alikuwepo pia, na mguu wake wenye kidonda. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Shafiki alikuwa mezani kwake, uso ameuinamisha kwenye kompyuta.

Nabila alisimama mbele yao. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, na yote yakamtoroka.

"Mimi ni dada ya huyu," alianza. "Mimi ndiye natengeneza hii kompyuta. Kaka yangu aliandika majina yenu yote. Lakini mimi niliiweka vibaya. Ilikuwa inashika maneno kwa kichwa tu, haiandiki mahali. Ikizimwa, inasahau. Kosa ni yangu, si ya yeye. Naomba msamaha."

Mtoto mmoja alikohoa.

"Sasa damu haikuuzwa?" aliuliza fundi baiskeli.

"Haikuuzwa. Ilimwagwa."

"Hiyo pia si nzuri."

"Si nzuri," Nabila alikubali.

"Mara mbili!" Mama Elena akadakia. "Mara mbili munamwaga damu yangu! Ingekuwa karanga, mimi nashika wewe kwa sikio napeleka polisi." Benchi likacheka, na cheko hili halikuwa kama lile la Ijumaa iliyopita. Elena akamgeukia fundi. "Na wewe, mudomo yako kama kengele ya baiskeli. Ambia mutoto ya watu pole."

Fundi alikuna shingo. "Pole, karani," alisema. "Mimi nilikuwa nasikia maumivu tu."

"Haina neno," alisema Shafiki, lakini hakuinua uso.

Ndipo gari jingine likasimama nje. Candia aliingia, viatu vina vumbi, kofia mkononi, na ilionekana wazi kwamba mkutano ameuacha katikati. Alitazama benchi, akamtazama Shafiki.

"Ijumaa iliyopita," alisema, "mimi nilisema hapa kwamba huyu kijana hawezi kuandika jina. Nilisema bila kujua. Anaweza, na aliandika." Akakohoa. Alikuwa amemaliza, wala hakujua mtu akimaliza jambo kama lile huelekea wapi. Kulusum akamnusuru: akamwita amsaidie kulibeba sinia, akampa upande mzito.

Gurusa zikazunguka. Mama Elena alikunja mkono wa gauni, akautandaza mkono wake juu ya meza ya muuguzi. "Basi mutoe tena," alisema. "Lakini hii ni ya mwisho. Mimi si tangi."

Chupa ikabandikwa namba. Shafiki aliandika ombi, polepole, akalisoma tena. Mtandao ulikuwa dhaifu kama kawaida ya mchana. Safari hii kompyuta haikusema imetumwa. Ilisema: inasubiri.

Mzee Asuman alianza kuadhini. Sauti yake ilipanda juu ya ngurumo ya jenereta, ikazama, ikapanda tena. Ilipokwisha, wanaume wawili waliinuka kwenye benchi kwenda kutawadha. Shafiki alibaki amekaa, mkono mmoja juu ya meza, kama anayeizuia isiondoke.

"Kaka," alisema Nabila. "Adhana."

"Nimesikia."

"Na jenereta?"

"Iache."

"Kaka."

"Kuna majina manane hapa ndani yanasubiri, Nabila. La Mama Elena limo." Sasa aliinua uso, na kila mtu aliona kwamba anaogopa. "Iache tu iwake."

Nabila alikuwa ameujaribu mstari ule mezani kwake mara nyingi kuliko zilizohitajika, na Faruk alikuwa ameusoma. Hata hivyo akamtazama bibi yake. Kulusum alikuwa anatafuna gurusa, hana haraka.

"Nenda kaizime," Nabila alisema. "Mimi nipo."

Shafiki alitoka. Kwa muda jenereta iliendelea kunguruma, na wote mle ndani walijua kwamba amesimama mbele yake, mkono uko juu ya swichi. Kisha ikanyamaza. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Ukimya ukaingia chumbani, na nyuma yake ikafuata sauti ya imamu, wazi kabisa, kama anaongea na benchi lile lenyewe. Kupitia dirisha walimwona Mzee Asuman, ameketi karibu na mlango wa msikiti, macho ameyafumba. Hakuwa anatazama midomo ya mtu.

"Kumbe huyu muzee wa ndani iko na sauti nzuri," Mama Elena alisema kwa kunong'ona, na hakusema tena mpaka khutba ilipokwisha.

Shafiki alirudi baada ya swala, akaiwasha. Seva ilichukua muda wake. Moduli ziliinuka moja baada ya nyingine. Candia alikuwa amesimama ukutani na kofia yake. Nabila alikuwa ameifumbata mikono ili asiguse kitu.

Mama Elena, ambaye hakujua kusoma, alisogea mpaka karibu na meza, pamba bado ameikandamiza mkononi.

"Karani, mimi bado iko?"

Shafiki aliyahesabu majina kwa kidole, mpaka la nane. Kisha akamsogezea kiti.

"Bado iko, mama," alisema. "Kaa."